Asitambulike Hata na Ndugu Yake

Mhariri mkuu wa jarida lile la tiba alisifika kwa jambo moja: mdomo wake ulikuwa na kufuli. Daktari akimuuliza mswada wake umefikia wapi, yeye ataulizia hali ya watoto. Akidodoswa ni nani aliyeuchambua mswada mpaka ukabaki mifupa mitupu, atasema mvua mwaka huu zimechelewa. Hata mumewe, waliyezeeka pamoja chini ya paa moja, aliijua kazi ya mkewe kama anavyoijua ya jirani, yaani kwamba ipo.

"Siku ukifa," mumewe humtania, "kaburi itabidi lichimbwe pana, maana utazikwa na watu wengi."

Nyumbani kwao alikozaliwa walimwita Kufuli tangu usichana. Dada yake ndiye aliyempa jina hilo, na wengine wakalidaka.

Ofisi ya jarida ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la dawa, na feni iliyokohoa kuliko wateja wa huko chini. Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, inaelezeka kirahisi. Daktari anaona jambo kwa wagonjwa wake, analiandika, analileta. Mhariri anafuta jina la mwandishi, kisha anaupeleka mswada kwa wahakiki wawili, madaktari wa fani ileile, wausome na kusema bila kumung'unya maneno palipo na uvivu, haraka au chumvi. Mhakiki hajui anamkosoa nani, na mwandishi hajui kakosolewa na nani. Ni kusutana gizani, lakini kwa adabu.

Sera ya uhariri ilibandikwa ukutani, karatasi iliyokwisha kuwa ya manjano. Aliiandika yeye mwenyewe jarida lilipoanza, na kifungu alichokipenda kuliko vyote kilihusu wagonjwa. Kilisema kwamba mgonjwa anayeelezwa ndani ya jarida lazima ausome mswada na kuuridhia, na tena aandikwe kwa namna ambayo hatatambulika hata na ndugu yake wa tumbo moja. Madaktari walikicheka kifungu hicho. Huyo ndugu wa tumbo moja, waliuliza, anayekaa kitako kusoma majarida ya tiba, ni ndugu wa nani? Mhariri aliwaacha wacheke, na miswada isiyofuata kifungu akawarudishia.

Asubuhi moja tulivu, chai ikiwa bado ya moto, alifungua mswada mpya. Ulikuwa mfupi, taarifa ya mgonjwa mmoja tu, umetoka hospitali kubwa ya rufaa. Alianza kuusoma kwa uvivu kidogo, kama mtu anayechambua mchele aliokwisha kuuamini.

"Mgonjwa ni mwanamke, fundi wa kushona magauni ya maharusi," mswada ulisema. "Alifika na kidonda katika mkono wa kushoto, juu ya kovu la moto linaloanzia kiwiko hadi kifundo. Kidonda kilikuwa kimetibiwa katika zahanati kadhaa kwa miezi mingi bila kupona. Kovu hilo alilipata utotoni, alipoidaka sufuria ya maji yanayochemka isimwangukie mdogo wake aliyekuwa akitambaa."

Akakiweka kikombe chini. Akaisoma tena sentensi ya mwisho, polepole, kwa jicho la mhariri anayetafuta kosa, na kosa halikuwepo. Aliyekuwa akitambaa ni yeye.

Mkono ule aliujua kuliko alivyoujua wake. Kwao ulikuwa mzaha wa ukoo mzima. Dada akitaka kiti cha dirishani, anauinua mkono: "Kwa mkono huu!" Akitaka kipande kinono, anauinua. Hata waliporithi vitambaa vya marehemu mama yao, dada aliuinua na kuchagua wa kwanza, na wote wakacheka mpaka wakalia. Sasa mhariri alikumbuka kwamba ni muda hajauona mkono huo ukiinuliwa. Alikumbuka mikono mirefu ya magauni wakati wa joto. Alikumbuka dada aliposema anakwenda mbali kushona sare za shule ya bweni, akakaa huko wiki nyingi, akarudi amekonda, na yeye mwenyewe akampa pole ya safari.

Akaendelea kusoma. Daktari alikata kinyama kutoka kwenye kidonda, kikapimwa, ikaonekana ni saratani. Walikikata kidonda chote na kupandikiza ngozi iliyotolewa pajani. Tezi za kwapani zilipimwa, hazikuwa na dalili. Mwandishi alitaka zahanati zote zijue kwamba kidonda kisichopona juu ya kovu la zamani kisipakwe dawa tu, kipimwe. Lilikuwa fundisho jema, limeandikwa vizuri. Mwisho: mgonjwa aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na hali ya kuridhisha. Basi. Baada ya hapo ikawa marejeo ya vitabu.

Akaichukua simu, akalitafuta jina la dada, kidole kikasimama juu yake.

Hakupiga. Mtu anaweza kumlaumu kwa hilo, na wapo watakaomlaumu, lakini tumsikilize kwanza. Mgonjwa alimwambia daktari, daktari akaliambia jarida, na jarida si mdogo wa mtu. Akipiga simu leo kwa sababu ni dada yake, kesho naibu wake atapiga kwa sababu ni shemeji, na keshokutwa hakuna mgonjwa atakayekubali kuandikwa. Na kulikuwa na jambo jingine lililomchoma zaidi. Dada alikuwa ameugua, akalazwa, akapasuliwa, akapona au hakupona, na katika yote hayo alichagua kutomwambia. Kama alikuwapo mtu mmoja duniani aliyefichwa makusudi, ni yeye. Alihisi kaufungua mlango uliofungwa ili yeye asiingie.

Akasimama, akaenda chumba cha pili. Naibu wake alikuwa daktari wa upasuaji aliyestaafu, mzee mcheshi waliyemwita Mkasi, kwa kuwa baada ya kuacha kukata watu alianza kukata sentensi za watu, na kwa furaha ileile.

"Huu siwezi kuushika," mhariri alimwambia. "Nina mgongano wa maslahi. Ushike wewe mwanzo mpaka mwisho, na mimi nifungie nisiuone."

Mkasi akavua miwani. "Mwandishi unamjua?"

"Usiniulize, mzee wangu."

"Basi sikuulizi. Ningekuwa bado kijana, ningekuuliza." Alipomwona hacheki, naye akaacha mzaha. "Kuna cha kuniambia kabla sijafunga?"

"Mgonjwa anatambulika. Toa kazi yake. Toa sufuria. Toa na mtoto."

"Mtoto gani?"

"Utamwona," mhariri akasema, na kurudi kwenye chai yake iliyopoa.

Kila Jumapili alikuwa na desturi ya kwenda kwa dada yake. Chumba cha mbele kilikuwa ndicho karakana: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na gauni jeupe lisilokwisha likiwa limevalishwa sanamu isiyo na kichwa. Jumapili hiyo alijikaza, akaingia na mkate mkononi na uso wa kila siku.

"Karibu, Kufuli," dada alisema, bila kunyanyuka. Alikuwa akishona pindo kwa mkono. Mikono ya blauzi yake ilifika viganjani, imefungwa vifungo.

"Ahsante, dada. Habari za cherehani?"

"Cherehani ni nzima. Kwako, kazini kwema?"

"Kwema tu."

"Mnasoma nini siku hizi?"

Mhariri akashtuka kidogo. Dada hakuwa na kawaida ya kuulizia jarida, alikuwa akisema ni kitabu cha kulalia. "Yaleyale, dada. Maradhi ya watu."

"Maradhi ya watu." Dada alikata uzi kwa meno. "Na hakuna hata moja lililokushtua?"

"Ukizoea hushtuki."

Dada akamtazama, kisha akalitazama pindo. "Mh," alisema. "Kweli mazoea yana taabu." Akaenda kwenye cherehani, akakanyaga kwa nguvu mpaka mazungumzo hayakusikika tena.

Mhariri alirudi nyumbani amejipongeza nusu na nusu amejichukia. Kufuli ilikuwa imeshika. Lakini alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwa ule mkono, na hakujua kama chini ya kitambaa kuna ngozi iliyopona au kidonda kingine. Mumewe alimuuliza mbona haongei. Alijibu kwamba kichwa kinamgonga, na hakusema uongo.

Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine tena. Mara dada aulize kama watu wa jarida wanasoma kila kinacholetwa au wanarukaruka. Mara aseme kwamba binadamu akitaka kusema jambo zito anakosa pa kuanzia, na anyamaze akingoja. Mara aukunje mkono wa blauzi kidogo, aseme kuna joto, kisha aushushe. Kila alipofanya hivyo mhariri aligeuza shingo kulitazama gauni, kwa heshima, kama mtu anayegeuka mwenzake anapobadili nguo. Alidhani anamsitiri.

Huko ofisini mswada ulikuwa umefungiwa kwenye kompyuta ya Mkasi. Nywila ya kufungulia mafaili yote mhariri alikuwa nayo, yeye ndiye mkuu. Kuna adhuhuri Mkasi aliposhuka kununua dawa ya shinikizo la damu, akaacha mlango wazi na kompyuta ikiwaka. Mhariri alisimama kizingitini. Pale mezani palikuwa na maoni ya wahakiki, na huenda majibu ya mwandishi: mgonjwa anaendeleaje, kidonda kimerudi au la. Kitu alichokitaka kuliko chochote duniani kilikuwa umbali wa kiti na meza. Alisimama mpaka miguu ikamuuma, kisha akauvuta mlango, akaufunga, akaenda kukaa kwake akashika tama.

Miongoni mwa wahakiki wa jarida alikuwapo mmoja ambaye ofisi nzima ilimwita Pilipili. Hakuna mswada uliomfurahisha. Waandishi walimlaani bila kumjua, na mhariri mwenyewe mara nyingi alilazimika kuyalainisha maneno yake kabla ya kuyapeleka. Siku moja wakinywa chai, Mkasi alikuwa akinung'unika peke yake juu ya karatasi.

"Pilipili huyu! Anasema, 'Mwandishi ametueleza jinsi mgonjwa alivyotoka hospitalini. Hakutueleza kama yu hai. Ufuatiliaji uko wapi?' Hivi huyu mtu kwake wanamvumilia?"

Hakutaja mswada upi, na pengine hakukusudia kumwaga mtama. Lakini mhariri aliinamisha uso kwenye kikombe, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile alimpenda Pilipili, akampenda kabisa, akatamani amjue ampelekee zawadi.

Majibu hakuyaona. Siku kadhaa baadaye Mkasi alipita mlangoni na kusema tu, "Ule mswada wako usio wako wahakiki wameukubali wote wawili. Nimeukata nilivyokata, hata mama mzazi hawezi kumjua mgonjwa. Umekwenda kwa mwandishi, mgonjwa ausome upya atie saini."

"Vizuri," mhariri akasema. Sauti ilitoka vizuri pia.

Jumapili hiyo alipofika kwa dada yake, cherehani zilikuwa kimya. Dada alikuwa amekaa kwenye meza ya kukatia, hana sindano wala uzi, na mbele yake kulikuwa na karatasi zilizobanwa pamoja.

"Kaa," dada alisema. Hakusema karibu.

Akakaa.

"Soma hapo."

Mhariri aliziona herufi za mwanzo, akazifahamu mara moja, akarudisha mikono mapajani. "Dada, hiyo siruhusiwi."

"Huruhusiwi! Haya, nitakusomea mimi nisiyesoma." Walikuwa wamesoma shule moja, na dada ndiye aliyekuwa akiongoza, lakini akikasirika alisahau. Akavaa miwani. "'Mgonjwa ni mwanamke mtu mzima. Alikuwa na kovu la moto la tangu utotoni.' Nukta. Ndiyo hivyo tu. Fundi hayupo. Sufuria haipo. Na wewe hupo." Aliziweka karatasi chini. "Mmenifuta. Nilikuambia jambo, Kufuli, jambo kubwa, na wewe ukalifuta."

Mhariri aligeuza shingo kulitazama gauni, kama desturi yake.

"Daktari aliponiomba aniandike, nilikataa," dada akaendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Nikamwambia mimi si wa kuonyeshwa watu. Halafu akalitaja jarida. Nikasema kumbe, basi andika. Tena nikamwambia asisahau sufuria, wala mtoto aliyekuwa akitambaa. Akasema hayo hayana umuhimu kwa matibabu. Nikamwambia kama hayamo sisaini."

"Hukumwambia mimi ni nani?"

"Nimwambie ili akupelekee wewe habari? Nilitaka uisome mwenyewe." Aliivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cheupe cha gauni la watu. "Kukuambia kwa mdomo nilishindwa. Kila nikikutazama nilikuwa najua utakavyosema. Utasema dada, umeungua kwa ajili yangu, na sasa unaumwa kwa ajili yangu. Utalia, nami nitakubembeleza, na mgonjwa ni mimi. Sikuwa na nguvu hizo. Nikasema acha aisome ofisini kwake, alie hukohuko, amalize, halafu aje. Nikakaa nakungoja."

"Dada..."

"Ukaja. Ukaniuliza habari za cherehani."

Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaenda zake. Mhariri aliyaona yote aliyoyafanya Jumapili zile, jinsi alivyogeuza shingo, jinsi alivyojisifu moyoni kwa kunyamaza. Alikuwa akimsitiri mtu aliyevua makusudi ili aonwe.

"Niliisoma," akasema.

"Lini?"

"Siku ileile ilipofika. Nilikuwa wa kwanza."

"Na ukanyamaza."

"Ni sheria, dada. Ya mgonjwa hayatoki. Na mgonjwa asitambulike hata na..." Alikwama. "Hata na ndugu yake wa tumbo moja."

"Nani kaitunga sheria ya namna hiyo?"

"Mimi."

Dada aliiweka miwani mezani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mhariri alidhani analia, kumbe anacheka, anacheka kile kicheko cha siku ya vitambaa vya mama, na machozi yanamtoka papo hapo. "Yaani," alisema alipopata pumzi, "katika watu wote wa dunia hii, mimi nikaenda kumpenyezea siri Kufuli, halafu nikakaa nangoja aseme!"

Naye mhariri akacheka, ambaye kazini hakuna aliyewahi kumwona akicheka, kisha kicheko kikamgeuka akalia kwelikweli, kama alivyotabiriwa. Dada hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka amalize, na ilikuwa haki.

Walipotulia, dada aliivuta kalamu. "Sasa nisaini au nisisaini?"

"Siwezi kukushauri. Mgongano wa maslahi."

"Toka hapa!" Dada akasaini, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyekuwa akiongoza darasani. "Watajua wa zahanati. Sufuria itabaki yetu."

Akaisukuma karatasi pembeni. Akafungua kifungo cha blauzi, kisha cha pili, akaukunja mkono wa nguo mpaka juu ya kiwiko, taratibu, akauweka mkono mezani chini ya taa ya kushonea. Pale lilipokuwa kovu la zamani sasa palikuwa na kiraka cha ngozi ngeni, rangi yake tofauti kidogo, kingo zimeshikizwa kwa mishono midogo iliyokwisha kupona. Mshono mzuri, hata fundi asingeulaumu. Mhariri aliinama akautazama wote, tangu kiwiko hadi kifundo, bila kuruka mahali.

Alikuwa na maswali mengi ya kitaalamu. Alitaka kuuliza juu ya kingo, juu ya tezi za kwapani, juu ya siku ya kliniki ijayo. Hayo wahakiki walikwisha kuyauliza, na Pilipili kuliko wote. Akauweka mkono wake juu ya ule wa dada, kwa wepesi.

"Unauma?" akauliza.

Uso wa dada ulilegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Usiku," alisema. "Mchana najisahau na cherehani. Usiku unauma, mdogo wangu."